Makazi Matatu ya Viumbe Mkoani Kagera

Mwanafunzi wa Bukoba au Muleba hahitaji kusafiri mbali ili aone jinsi maji na udongo vinavyotawala maisha ya viumbe.

Makazi ya kwanza ni rweya, uwanda wa nyasi unaozunguka vijiji. Kwa vizazi vingi Wahaya wamekata nyasi za rweya na kuzitandaza katika kibanja cha migomba; samadi ya ng'ombe waliochungwa huko nayo huishia humo. Hivyo rutuba huhama: kibanja hustawi, rweya hubaki hafifu.

Ya pili ni vinamasi vya Ziwa Burigi, upande wa Muleba, katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyoanzishwa mwaka 2019. Katika mafunjo huishi nzohe, swala ambaye kwato zake ndefu hutanuka, asizame topeni.

Ya tatu ni Msitu wa Minziro, wilayani Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda. Ardhi yake ni tambarare. Mto Kagera ufurikapo, maji husimama kati ya miti. Mimea na wanyama wake wengi ni wa jamii za misitu ya Kongo, na baadhi ya ndege wake hawaonekani kwingineko Tanzania. Msitu huo ukifyekwa, ndege hao watatoweka nchini.

Zoezi: Chimbeni udongo wa rweya na wa kibanja. Linganisheni rangi, unyevu na wadudu. Tofauti hizo zinatokana na nini?