Mwashi na Mto wa Mchanga: Somo la Ukuta wa Mawe Ikutha

Mito mingi ya Kitui Kusini huonekana mitupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mto Tiva na vijito vinavyouingia hufurika siku chache wakati wa mvua, kisha kinachobaki ni mchanga. Maji huwa yamejificha chini yake, na wakazi wa Ikutha wanajua kuyatafuta kwa kuchimba shimo kwenye mchanga na kuteka kwa kata. Shida ni kwamba kiangazi kikizidi, shimo huongezeka kina, foleni ya punda nayo huongezeka urefu.

Ukuta wa mawe uliojengwa vizuri kukata mto wa aina hii huzuia mchanga usichukuliwe wote na mafuriko, na ndani ya mchanga huo maji hubaki. Hilo ndilo bwawa la mchanga. Ukambani ni mojawapo ya mahali duniani ambako mabwawa haya yamejengwa kwa wingi. Yalianza kujengwa enzi za ukoloni. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianza kazi ya Utooni huko Machakos, na kuanzia miaka ya 1990 shirika la SASOL limejenga mamia ya kuta pamoja na jamii za Kitui. Vikundi vya mwethya ndivyo vilivyobeba mawe, mchanga na maji. Lakini mwethya wa watu 100 hauwezi kuokoa ukuta ambao mwashi wake hakujua kazi. Ukuta ukisombwa na mafuriko, kijiji hupoteza simiti, jasho la miezi na, mara nyingi, hamu ya kujaribu tena.

Somo hili ni la vijana wanaofikiria kazi ya uashi, na pia la kamati za maji zinazoajiri mwashi, kwa sababu anayelipa naye anafaa kujua anachokitazama.

Mchanga unaoshika maji

Si mchanga wote unaofaa kuwa tangi. Njia rahisi ya kujua ni kujaza debe la lita 20 mchanga wa mtoni uliokauka, kumimina maji polepole hadi yafike juu, kisha kutoboa debe chini na kupima maji yanayotoka. Mchanga mnene, wenye chembe kubwa, unaweza kurudisha takriban asilimia 35, yaani lita 7. Mchanga laini hurudisha chini ya asilimia 20. Tope hurudisha kama asilimia 5 tu. Kwa hiyo bwawa lililojaa tope ni hasara hata ukuta ukiwa imara kama mlima. Ndiyo maana baadhi ya wajenzi huinua ukuta kwa hatua, kila msimu kiasi, ili mafuriko yapitishe tope juu na kuacha mchanga mzito nyuma. Ndiyo maana pia mitaro ya fanya juu kwenye mashamba ya pande zote mbili ni sehemu ya kazi ya bwawa, ingawa haiko mikononi mwa mwashi.

Faida kubwa ya mchanga ni kwamba jua haliyafikii maji. Yakishuka chini ya sentimita 60 hivi, hayakauki tena kwa joto, na mbu hawana mahali pa kutagia. Silanga la wazi halina bahati hiyo.

Kabla ya jiwe la kwanza

Mwashi mzuri hutumia siku nyingi mtoni bila kushika mwiko. Anatafuta mahali mto umebana, kingo zimeinuka, na mwamba unavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hupiga mtaimbo kwenye mchanga kila hatua chache na kuandika kina alichofikia. Mwamba ukipotea katikati, maji yatapita chini ya ukuta. Mikuyu mikubwa kingoni ni dalili njema kwamba maji hukaa karibu. Mawe ambayo mbuzi na ng'ombe hupenda kulamba ni dalili mbaya: yana chumvi, na yakiwa juu ya bwawa, maji yatakuwa na chumvi pia. Katika Kitui Kusini, ambako visima vingi virefu vimetoa maji ya chumvi, hili si jambo la kupuuza. Wazee wanaolisha mifugo wanajua mawe hayo yalipo, wanafaa kuulizwa.

Mtu hawezi kuziba mto kwa kuwa tu shamba lake limepakana nao. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mchoro unapaswa kuandaliwa na mhandisi. Mwashi anayeanza kuchimba msingi kabla ya kibali anajitia mashakani pamoja na kamati iliyomwita.

Kupima

Ramani huja kwa mita, fundi wengi hufikiri kwa futi. Kabla ya kazi kuanza ni vyema wakubaliane kipimo kimoja, kwa sababu futi 1 ni sentimita 30.5 na makosa madogo huongezeka kadiri ukuta unavyorefuka.

Chombo cha maana zaidi hapa kina bei ndogo: mpira wa plastiki unaoonyesha maji ndani. Mpira hujazwa maji, mapovu yakatolewa yote, kisha mtu mmoja hushika ncha moja ukingo huu na mwenzake ncha nyingine ng'ambo. Maji husimama kimo kimoja pande zote mbili hata kama ardhi katikati ina mabonde. Kwa njia hiyo mwashi anajua mbawa za ukuta ziishie wapi. Hapa ndipo kuta nyingi hufa. Mbawa zikiwa fupi, au ukingo mmoja ukiwa chini kuliko ulivyodhaniwa, mafuriko huzunguka ukuta, hukata udongo wa kando, na mto unapata njia mpya. Ukuta hubaki umesimama katikati ya mchanga kama kaburi la mradi. Ili kuzuia hilo, katikati ya ukuta huachwa chini kuliko mbawa, mafuriko yapite hapo, na mbawa huingizwa ndani kabisa ya kingo.

Kuhusu unene, kanuni inayotumiwa sana katika kuta hizi ni kitako chenye upana wa robo tatu ya kimo, na kichwa chenye upana wa moja kwa tano. Ukuta wa mita 2 kwenda juu unakuwa na mita 1.5 chini na sentimita 40 juu. Sababu ni kwamba msukumo wa maji huzidi kadiri kina kinavyozidi, na kinachoupinga ni uzito wa mawe yenyewe. Kamati ikipunguza kitako ili kuokoa mifuko ya simiti, imeondoa kile kile kinachoushikilia ukuta.

Jiwe na mota

Kazi ya mawe Ikutha si ile ya Nairobi. Kule, mawe ya Ndarugu huja yamekatwa kwa mashine, pembe zote sawa, na fundi huyapanga kama matofali. Kuyasafirisha hadi Ikutha ni gharama kubwa. Mawe ya huku ni magumu, ya kila umbo, na mwashi lazima asome kila moja. Jiwe zima likigongwa kwa nyundo hulia kwa sauti kali. Lenye ufa au lililooza hutoa sauti butu. Kuna desturi ya kuwasha moto juu ya mwamba ili upasuke. Ni rahisi kwa mikono, lakini jiwe lililochomwa mara nyingi huwa na nyufa ndani, na kuni zake ni miti ambayo Ikutha haiwezi kuipoteza. Kwa ukuta wa maji, tindo na nyundo ni bora.

Mawe huoshwa. Jiwe lenye udongo halishikani na simiti, na lililokauka kwa jua la Ikutha hunyonya maji ya mota kabla haijashika. Kwa hiyo huoshwa, kisha huwekwa likiwa na unyevu.

Mchanga wa mota hupimwa kwa chupa. Chupa hujazwa mchanga hadi nusu, huongezwa maji, hutikiswa na kuachwa saa kadhaa. Tope hukaa juu kama utando. Likizidi takriban sehemu 1 kwa 10 ya mchanga, mchanga huo uoshwe au utafutwe mwingine.

Kipimo cha kawaida cha mota ya ukuta huu ni simiti 1 kwa mchanga 4. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo mfuko mmoja huenda na madebe 7 ya lita 20, yaliyosawazishwa juu. Kwa plasta ya upande wa maji, 1 kwa 3, mfuko huchukua madebe 5 na robo. Kupima kwa sepetu hakufai, kwa kuwa sepetu ya asubuhi na ya saa tisa alasiri hazilingani. Maji yawe ya kutosha kulainisha tu. Mota ya majimaji hupendwa na mtu wa mkono kwa sababu ni rahisi kuchanganya, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu. Na mota iliyoanza kushika haifufuliwi kwa maji. Hutupwa, hata kama inauma.

Kulaza jiwe kuna kanuni chache ambazo mwanagenzi huzisikia kila siku hadi azichoke. Jiwe hulala kwa tumbo lake pana, si kwa ubavu. Mawe mawili hayagusani. Kati yao kuna mota kila upande. Mshono wa chini usikutane na wa juu. Kila baada ya hatua chache liwekwe jiwe refu linaloingia ndani sana ili kuzifunga nyuso mbili za ukuta. Kosa linalofichika zaidi ni kupanga nyuso mbili safi za mawe na kutupa vifusi vikavu katikati. Kwa nje ukuta unapendeza. Maji yakija, huingia kwenye mianya ya ndani na kuanza kuula. Mwanakamati anayetaka kujua kama analipa kazi halali atazame katikati ya ukuta kabla safu inayofuata haijalazwa.

Ukuta ukishapanda, hunyweshwa maji na kufunikwa kwa magunia kwa siku zisizopungua 21. Simiti haikauki ili iwe ngumu. Huwa ngumu kwa sababu ina maji. Kwa joto la hapa, siku tatu bila maji zinaweza kuharibu kazi ya wiki. Ndiyo sababu kalenda ina uzito wake: ujenzi huanza baada ya mvua za Machi hadi Mei, na lazima uishe na kukomaa kabla ya zile za Oktoba, ambazo ndizo zinazotegemewa zaidi Ukambani. Mradi unaoanza Septemba unacheza na mto.

Mwashi mwenyewe

Vumbi la mawe haya lina silika. Ikivutwa kwa miaka mingi huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Kumwagia jiwe maji kabla ya kulichonga, kuvaa barakoa na kukaa upande unaotoka upepo ni hatua zenye gharama ndogo. Miwani ni ya lazima kwa anayetumia tindo. Simiti mbichi huchoma ngozi polepole, mtu asitambue hadi jioni, kwa hiyo buti na glavu zivaliwe na mikono ioshwe.

Aliyeajiriwa akiumia, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inataka mwajiri ajulishwe, kwa mdomo au kwa maandishi, naye mwajiri atoe ripoti kwa idara ya usalama kazini ndani ya siku 7. Dai liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita. Fundi wengi hupoteza haki yao kwa kungoja jeraha lipone kwanza.

Kuhusu cheti, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010, na uashi hufundishwa humo. Aliyejifunza kazini, kwa baba au kwa mjomba, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Kwa nyumba ya jirani cheti hakiulizwi. Kwa kandarasi ya serikali au ya shirika, huulizwa kabla ya bei.

Malipo yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: ni kwa siku au kwa mita ya ukuta, nani analeta maji ya kujengea, na nani anamwagilia zile siku 21. Yaandikwe pia kwamba mwashi atarudi baada ya mafuriko ya kwanza. Wakati huo mto huonyesha wenyewe mahali ulipochimba chini ya kitako na mshono gani umefunguka, na mifuko miwili au mitatu ya simiti iliyowekwa akiba, pamoja na mawe makubwa ya kupanga chini ya maporomoko, hutosha kuziba kabla mafuriko ya pili hayajafika.