Namna ya Kuilinda Kesi Yako Kabla Haijafika kwa Mwendesha Mashtaka

Ukivunjiwa nyumba Kanyenye, hapa Tabora, usiku wa leo, au mwanao akijeruhiwa njiani akitoka stesheni, polisi watakuandikia maelezo na huenda hakimu akaja kutoa hukumu. Katikati yao yupo mtu ambaye wananchi wengi hawamfahamu: mwendesha mashtaka, wakili wa serikali kutoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Yeye ndiye anayelisoma jalada la polisi na kuamua kama mtuhumiwa ashtakiwe, na kwa kosa gani. Hakuwepo tukio lilipotokea. Anachokijua ni kile ulichokisema na ulichokihifadhi wewe, na kesi nyingi huharibika katika siku mbili tatu za mwanzo, kabla hajaliona jalada.

Kwanza elewa anamtumikia nani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliingiza Ibara ya 59B inayomweka Mkurugenzi wa Mashtaka na kumtaka afanye kazi bila kuingiliwa na mtu wala mamlaka yoyote. Ibara hiyo inamwelekeza azingatie mambo matatu: haja ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Mwaka 2018 ofisi yake ikatenganishwa na ya Mwanasheria Mkuu. Kwa hiyo wakili huyo si wako, na wala si wa polisi. Kesi ni ya Jamhuri, na wewe uliyeibiwa unaingia mahakamani kama shahidi. Wengi wanaposikia hivyo wanakasirika, lakini Tabora ina sababu zake za kuuthamini utaratibu huu. Januari 1958 chama cha TANU kilikutana mjini hapa na kufanya uamuzi mgumu wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu wa serikali ya kikoloni. Mwaka huohuo serikali hiyo ikamshtaki kiongozi wa TANU, Nyerere, kwa kuwakashifu maofisa wake gazetini, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mashtaka yakiwa mkononi mwa mtawala, mkosoaji huwa mhalifu. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu wakaibuka huku kwetu, Unyamwezini na Usukumani, kupambana na wezi wa ng'ombe. Walirudisha usalama vijijini, hilo halina ubishi, lakini wapo waliotengwa, kupigwa, hata kuuawa kwa tuhuma ambazo hakuna mtu aliyezipima kwanza. Kuzipima ndiyo kazi ya mwendesha mashtaka.

Sasa yaliyo mikononi mwako. Nenda polisi siku hiyohiyo, uondoke na namba ya taarifa yako (RB). Kama kuna jeraha, chukua fomu ya polisi ya PF3 kabla ya kwenda hospitali; hali ikiwa mbaya tangulia hospitali, fomu ifuate. Aliyebakwa asioge wala asifue nguo alizovaa; ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi na kupelekwa zilivyo, na aulizie Dawati la Jinsia na Watoto.

Kama mhalifu umemtambua, mtaje papo hapo: kwa jirani wa kwanza aliyeitikia yowe, kwa mjumbe, kwa polisi. Ukimsitiri ndani ya moyo wako wiki nzima, utakuwa umempa wakili wa utetezi silaha. Mahakama ya Rufani ilisema katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa ni uthibitisho muhimu wa kuaminika kwake, na kwamba kuchelewa bila sababu kunapaswa kuifanya mahakama ijiulize.

Usiku una masharti yake zaidi. Tangu hukumu ya Waziri Amani ya mwaka 1980, mahakama zetu hazitosheki na kauli ya "nilimwona". Zinauliza kulikuwa na mwanga gani na mkali kiasi gani, mlikuwa umbali gani, ulimtazama kwa muda gani, uliwahi kumfahamu kabla. Basi yaseme haya yote kwenye maelezo yako polisi, bila kungoja kuulizwa. Taa ya umeme ya barazani kwa jirani, hatua tano, alivaa nini, ni kijana anayeuza wapi. Ukiyakumbuka kwa mara ya kwanza ukiwa kizimbani, utetezi utauliza kwa nini hayamo katika maelezo, na swali hilo limekwisha kuua kesi za haki. Jambo usilolijua sema hulijui. Ushahidi ulionakshiwa hubomoka haraka kuliko ulio pungufu.

Mali iliyoibwa, itaje kwa alama zake kabla hujaonyeshwa. "Simu nyeusi" ni ya kila mtu. Namba ya IMEI, ufa kwenye kioo, risiti, namba ya fremu ya baiskeli, hayo ni yako. Polisi wakipekua nyumba ya mtuhumiwa, awepo shahidi huru, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na hati ya ukamataji mali isainiwe palepale. Baada ya hapo lazima ijulikane kielelezo kilitoka kwa nani kwenda kwa nani mpaka kinafika mahakamani. Wenye hasira wanaompora mwizi kile alichoiba na kukigawana mtaani wanalivunja jalada kwa mikono yao, na wakimpiga wanaongeza kosa la pili ambalo watuhumiwa wake ni wao wenyewe.

Kuna pia kumalizana nje ya mahakama. Ugomvi wa majirani, shambulio dogo, matusi: sheria inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu, nami naona ni busara. Ubakaji wa mtoto, hapana. Familia ikipokea fedha kisha mama akaacha kwenda mahakamani, wakili wa serikali anabaki na karatasi tupu, na mtoto anaendelea kukutana na aliyembaka kisimani. Hili linaumiza kuliko yote niliyoyataja.

Samansi ikija, nenda hata kama kesi imeahirishwa mara ya tatu. Ukibadilisha namba ya simu, mjulishe mpelelezi. Fika mapema, omba kuonana na mwendesha mashtaka, mwombe akukumbushe maelezo yako. Akuelekeze utaratibu; asikufundishe la kusema. Ukitishwa, mwambie siku hiyohiyo, maana ipo sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi. Usimpelekee "asante" ya aina yoyote. Akiiomba, mlango ni TAKUKURU. Na kama kesi iko Mahakama ya Mwanzo, mara nyingi hakuna wakili wa serikali: mlalamikaji ndiye anayesimama na kuleta mashahidi wake, kwa hiyo uangalifu huu wote unauhitaji maradufu.

Huenda siku moja ukasikia Mkurugenzi ameiondoa kesi. Usitoke ukipiga kelele kwamba wamehongwa. Andika barua kwa ofisi ya mashtaka ya mkoa, taja namba ya kesi, uliza ushahidi gani umepungua, na kama unao upeleke. Mtu aliyeachiwa kwa njia hiyo anaweza kushtakiwa tena. Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, mkurugenzi hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Natamani na sisi tufike hapo, kwa sababu mamlaka makubwa namna hii yanastahili kuelezwa sababu zake mbele ya hakimu.

Mshtakiwa akipatikana na hatia, hakimu anaweza kuamuru akulipe fidia. Mpe wakili risiti za hospitali na hesabu ya hasara kabla ya siku ya hukumu ili aiombe. Akiachiwa na Mahakama ya Wilaya, huwezi kukata rufaa mwenyewe. Anayeweza ni Mkurugenzi wa Mashtaka, naye ana siku 30 za kutoa kusudio lake. Nenda ofisini kwao wiki hiyohiyo ukiwa na hoja, na uombe nakala ya hukumu. Kesi ikitoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa ya kwenda Mahakama ya Wilaya unaikata wewe mlalamikaji, nayo pia ni ndani ya siku 30.