Fasihi Simulizi: Soga ya Vitenge Viwili

Soga ni hadithi fupi ya kuchekesha na kukejeli. Watahiniwa wengi huikariri fasili hii vizuri, kisha wakiombwa kuifafanua kwa mfano huandika "soga inachekesha" na kuweka nukta. Hapo alama zinabaki kwa msahihishaji. Tuanze na soga yenyewe, niliyoitunga kwa ajili ya somo hili.

Luka na Masanja wa Kasansa ni marafiki tangu utoto. Walioa mwaka mmoja na majaruba yao ya mpunga yanapakana. Baada ya mavuno, kila mmoja aliuza gunia moja kwa siri ili amnunulie mkewe kitenge. Luka, asiyejua kuchagua kitenge, akamwendea mke wa Masanja: "Shemeji, nichagulie wewe, lakini usimwambie mwenzako." Masanja naye akaenda kwa mke wa Luka na ombi lilelile. Wanawake wale wakakutana kisimani, wakacheka mpaka maji yakamwagika ndooni. Jumapili wote wawili wakatoka kanisani na kitenge cha aina moja. "Umeniiga!" Luka akanong'ona. "Wewe ndiye umeniiga!" akajibu Masanja. Jioni mke wa Luka akasema, "Asante baba Neema, kitenge kimenipendeza. Sasa nipe chenji ya gunia."

Umecheka? Basi jiulize umecheka nini, kwa sababu jibu lako la mtihani linaanzia hapo. Wanaume wanadhani wana siri, kumbe wewe na wake zao mnajua kila kitu. Utani wa shemeji nao umesaidia: bila uhuru ule wa kuongea na mke wa rafiki yako, hadithi isingeenda popote.

Sasa tafuta kejeli. Imekaa kwenye neno "chenji". Mpunga ule ulipandwa, ukapaliliwa na kuvunwa na watu wawili, ila aliyeuza ni mmoja. Jambo hili huvunja ndoa nyingi msimu wa mavuno, na mke wa Luka amelisema bila kugombana. Angalia pia kwamba Luka anampenda mkewe kweli. Ukiondoa mapenzi hayo, soga inageuka karipio na hakuna atakayecheka. Ukiandika hoja hii kwa maneno yako, umemwonesha msahihishaji kwamba umeielewa soga.

Wahusika wa soga ni wa kubuni, lakini hupewa majina ya watu wa mahali inaposimuliwa. Msimulizi wa Majimoto atamwita Luka jina jingine, na penye mahindi gunia litakuwa la mahindi. Usikose kutaja hili, maana linaonesha jinsi fasihi simulizi inavyobadilika kufuata hadhira.

Usichanganye soga na ngano, ambayo mara nyingi huwatumia wanyama na kuanza na "hapo zamani za kale", wala na kigano, kinachojengwa juu ya methali.

Kosa jingine ninalolikuta darasani ni kutoa tamthiliya ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe kama mfano wa soga, eti kwa kuwa kuna mapenzi, kijiji na vichekesho. Hiyo ya Edwin Semzaba ni fasihi andishi. Itumie kulinganisha tu: Ngoswe, karani wa sensa, anazama katika penzi la Mazoea, na mwisho Mitomingi anazichoma karatasi za hesabu ya watu. Pale kicheko kinalipwa na taifa zima. Kwa Luka kinalipwa na chenji.

Zoezi: Tunga soga ya sentensi zisizozidi kumi kuhusu wanandoa wawili wa kijijini kwenu, kisha eleza katika aya moja neno lililobeba kejeli. Kama hulioni neno hilo, tunga upya.