Kuku wa Kupaka Apanda Mlimani

Watu wa pwani, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga na Unguja, wana namna yao ya kumpika kuku, nayo huitwa kuku wa kupaka. Kuku hukatwa vipande, akatiwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, kisha huokwa juu ya makaa. Penginepo huchemshwa kwanza. Kando yake, tui zito la nazi hupikwa pamoja na manjano na pilipili mpaka mchuzi uwe mzito, na mchuzi huo hupakwa juu ya nyama ingali motoni, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ndiyo sababu ya jina lake. Ni pishi jepesi, wala halitaki vyombo vingi. Walakini pishi jepesi likihamishwa mahali pake laweza kumwaibisha mpishi.

Msichana mmoja wa darasa la sita alikaa Lushoto, katika milima ya Usambara. Mama yake alizaliwa Tanga, naye alizoea kusimulia habari za kuku wa kupaka, lakini hakumpika, maana minazi haistawi katika baridi ya milimani, na nazi ziletwazo sokoni kutoka pwani zina bei. Siku moja mjomba alifika bila taarifa, na mama hakuwapo nyumbani. Msichana akaona fahari kumkaribisha kwa chakula cha kwao. Nyumbani palikuwa na kuku watatu. Kaka yake akamchinja koo, kwa kuwa alikuwa ameacha kutaga. Nazi haikuwapo, basi msichana akatwaa maziwa mabichi ya ng'ombe, ambayo Lushoto ni mengi, akayatia manjano na pilipili, akayateleka motoni. Yalipochemka akakamulia ndimu mbili. Mara ile maziwa yakakatika, yakawa mabonge meupe yaeleayo katika maji ya kijani-manjano. Na nyama iliyookwa juu ya makaa ilikuwa nyeusi kwa nje, na kwa ndani ngumu kama ngozi ya ngoma.

Mjomba alikula wali, akausifu wali.

Hasara hiyo haikuwa ndogo. Kuku mmoja katika watatu si kitu cha kuchezea, na tena baada ya siku kumi washenga walikuwa waje kuleta posa ya dada yake. Baba alikwisha kusema ya kuwa siku hiyo atachinjwa jogoo. Mama akataka ampike jogoo mchuzi wa siku zote, asijaribiwe tena. Msichana akaomba sana. Mwisho mama akakubali kwa sharti moja, kwamba bibi aitwe kutoka Tanga, na neno lake ndilo litakalofuatwa.

Bibi alipofika, msichana akampokea mzigo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia ulimlisha mwanangu maziwa ya mgando."

Msichana akainamisha kichwa. Bibi akacheka, akamketisha mkekani, akamwuliza mambo manne: kuku alikuwa wa umri gani, alichemshwa muda gani kabla ya kuokwa, mahali pa tui palitiwa nini, na ndimu ilitiwa lini. Hakumwuliza kama alipima chumvi vema. Kwa maswali hayo manne yaonekana ya kuwa bibi hakuyajua mapishi kwa kukariri tu, bali alijua kazi ya kila kitu kiingiacho chunguni.

Tazama kwanza habari ya umri. Kiswahili hakikuweka majina mengi ya kuku kwa mchezo. Kifaranga wa kiume akikua huitwa pora, kisha jogoo. Wa kike huitwa tembe, kisha mtetea, na aliyekwisha kuangua vifaranga huitwa koo. Pora na tembe wana nyama laini. Mwenye shaka na ashike ncha ya mfupa wa kidari kwa vidole: ikipinda, kuku ni kijana, ikiwa ngumu kama mfupa mwingine, kuku ni mzee. Jogoo mzee hujulikana pia kwa ule mwiba mrefu ulio nyuma ya mguu wake. Kuku mzee ametembea sana na kuparura sana, na nyuzi zinazoifunga misuli yake zimekaza. Nyuzi hizo zimefanyizwa kwa kitu kiitwacho kolajeni. Kikipikwa polepole katika unyevu, kwa muda mrefu, hulegea na kugeuka kuwa kama gundi laini, nayo ndiyo ifanyayo supu kunata midomoni. Lakini kikiwekwa juu ya makaa makali hakipati nafasi ya kulegea. Maji ya nyama hukauka kwanza, na mlaji huachiwa kamba za kutafuna. Koo wa siku ile hakuwa na kosa lolote. Alipikwa mapishi ya pora.

Wengi hudhani ya kuwa nyama ngumu hushindwa kwa moto mkali, na hapo kuni nyingi hupotea bure. Maji yakisha kuchemka hayazidi joto lake, hata ukiongeza kuni shehena nzima. Huzidi tu kuwa mvuke na kukauka. Moto mdogo, na chungu kilichofunikwa vema, hufanya kazi ile ile kwa kuni chache. Tena mlima wenyewe una neno lake. Tanga, ufuoni mwa bahari, maji huchemka kwa digrii 100 za Sentigredi. Kila mtu apandapo kiasi cha mita 300, joto la kuchemkia hupungua kwa kadiri ya digrii moja. Lushoto u juu ya bahari yapata mita 1,400, basi huko maji huchemka kwa digrii 95 hivi. Kwa hiyo saa za Tanga si saa za Lushoto, na mpishi wa milimani hana budi kungoja zaidi.

Baada ya hayo bibi akaja kwenye habari ya tui. Tui ni mafuta na maji yaliyochanganyika, nayo huipa nyama ulaini na kubeba harufu ya viungo. Maziwa nayo yana mafuta, na hapo msichana hakukosa kufikiri. Walakini maziwa ya ng'ombe yana kitu kingine, kiitwacho kazeini, ambacho kikikutana na uchachu na moto huganda na kujitenga na maji. Kwa njia iyo hiyo watu hufanyiza jibini. Ulihitajiwa mmea wenye mafuta, upatikanao sokoni Lushoto kwa bei nafuu, usioganda kwa ndimu. Mama ndiye aliyesema, "Karanga."

Bibi hakukubali mara moja. Alisema ya kuwa jogoo ni mmoja na hawezi kuchinjwa mara mbili, bali mchuzi waweza kujaribiwa kwa upawa mmoja. Basi katika siku zile zilizobaki msichana alijaribu mchuzi peke yake, kidogo kidogo, katika sufuria ndogo, naye akaandika kila kitu katika daftari. Sharti la bibi lilikuwa kwamba kila mara ageuze jambo moja tu. Mtu akigeuza mambo matatu kwa pamoja, na chakula kikawa kibaya, hajui alaumu lipi. Na kikiwa kizuri hajui ashukuru lipi.

Mara ya kwanza alitwanga karanga mbichi, akazikoroga kwa maji vikombe vitatu kwa kikombe kimoja cha karanga, akapika. Mchuzi ulikuwa mzito wa kutosha, lakini ulinuka ubichi. Mara ya pili alizikaanga karanga kwanza, akazimenya na kuzitwanga, na mengine yote akayaacha vile vile. Ubichi ukatoka, ila mchuzi ulishika chini ya sufuria ukaungua, kwa kuwa alikwenda mlangoni kuzungumza na mwenziwe. Jambo hilo nalo aliliandika, ingawa si la mapishi. Mara ya tatu alipunguza moto, akakoroga bila kuacha, na ndimu akaitia mwishoni, sufuria ikiwa imekwisha kuepuliwa. Mchuzi haukukatika, na ukali wa ndimu ulisikika vema kuliko ilipopikwa pamoja nao. Bibi akaonja, akaonja tena, akasema, "Si nazi. Lakini haujifanyi nazi."

Katika karanga iko hatari moja ambayo haionekani motoni. Karanga zilizoota ukungu, au zilizosinyaa na kugeuka rangi, huweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu, nayo haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Za namna hiyo hutupwa. Wala hazifai kupewa kuku, maana nao huwadhuru.

Wala bibi na mama hawakuwa wa kwanza kuona njia hii. Baganda hupika luwombo, yaani vipande vya kuku pamoja na mchuzi wa karanga, vikafungwa katika jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke. Huko Kongo, ambako michikichi ni mingi, kuku hupikwa katika mchuzi mwekundu wa tunda la mchikichi, nao huuita moambe. Kila nchi imetwaa mafuta yaliyo karibu nayo. Na kuku wa kupaka mwenyewe, ambaye watu wa pwani humwona kuwa ni wao tangu zamani, ni mtoto wa safari nyingi. Pilipili ilitoka Amerika, nayo haikujulikana pwani hii kabla ya Kolumbasi kufika huko mwaka 1492 na mabaharia wa Ulaya kuieneza. Karanga zilitoka huko huko. Manjano na tangawizi asili yake ni Asia, na kuku naye amezaliwa na kuku wa mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Nyanya, ambayo wengine huitia katika mchuzi huu, nayo ni ya Amerika. Kila kimoja kilipofika, palikuwa na mpishi aliyekijaribu.

Yako mambo mawili, hata hivyo, ambayo bibi hakuruhusu yaguswe. La kwanza ni kuiva. Nyama mbichi ya kuku huweza kuwa na vijidudu viitwavyo salmonela na kampilobakta, viletavyo kuhara na homa, na moto ndio uviuao. Wenye kipimajoto cha jikoni hukichoma penye unene wa paja, pasipogusa mfupa, nacho chapasa kuonyesha digrii 74. Asiye nacho asidanganywe na weusi wa nje, maana pora aliyeokwa kwa haraka huweza kuungua ngozi na kuwa mbichi mfupani. Na amchemshe kwanza mpaka nyama iachane na mfupa, kisha ndipo makaa yafuate.

La pili ni usafi. Kisu na ubao vilivyokata kuku mbichi visikate kachumbari mpaka vimeoshwa kwa sabuni na maji ya moto, na mikono vile vile. Kuku aliyechinjwa na kunyonyolewa nyumbani husafishwa mbali na vyakula vingine, kwa maji machache, pasipo kurusha matone. Chakula kilichobaki kisikae wazi tangu mchana hata usiku.

Siku ya washenga ilipofika, jogoo alitelekwa tangu saa mbili asubuhi katika chungu kilichofunikwa, pamoja na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, juu ya moto mdogo. Saa nne bibi akachoma paja kwa uma, akatikisa kichwa. Saa tano uma ukaingia bila kusukumwa. Supu ikatumika kukorogea karanga mahali pa maji. Jambo hilo halikuwa limejaribiwa, na msichana aliogopa, akapika kwanza upawa mmoja pembeni. Ulipokuwa mzuri, akamimina wote. Vipande vikawekwa juu ya makaa yaliyokwisha kuvaa jivu, vikapakwa mara tatu, vikageuzwa mara tatu, navyo vilipata wekundu kwa muda mfupi, maana vilikuwa vimekwisha kuiva.

Washenga walikula kimya, na kimya cha wageni wenye adabu ni kigumu kukisoma. Kisha mzee wao akaomba kipande kingine, akauliza kama nyumba hii ina mnazi uani.

Jioni ile msichana alifungua daftari, akaandika: "Jogoo mzee, saa tatu za kuchemka. Supu mahali pa maji: ni bora. Ndimu: moja yatosha." Chini yake akapiga mstari, akaandika kichwa cha jaribio jingine: "Tembe." Mbele ya neno hilo, mahali pa saa, aliacha wazi.