Tofali Lipi Likae Wapi Kwenye Tanuri la Vyungu

Umechoka kuchoma vyungu juu ya biwi la kuni na majani, nusu vikitoka vimepasuka, na sasa unataka tanuri. Kabla hujamwita fundi, jua kwamba tanuri halijengwi kwa tofali la aina moja.

Je, tofali jekundu la kawaida litahimili moto? Inategemea unachochoma. Vyungu na mitungi ya udongo mwekundu huiva kati ya nyuzi 800 na 1,000 za sentigredi, na tofali lililoiva vizuri huvumilia joto hilo. Kuanzia nyuzi 1,100 hivi, mengi huanza kulegea na kupinda. Vyombo vinavyong'aa kama sahani za dukani, vinavyochomwa nyuzi 1,200 na zaidi, vinadai matofali ya kuhimili moto, ambayo hutengenezwa kwa udongo usioyeyuka upesi. Kama unaanza na vyungu hapa Babati, usijitie gharama ya kuyasafirisha kutoka mbali.

Nenda mwenyewe kwenye tanuri la matofali ukachague. Omba yale yaliyokaa karibu na mdomo wa moto. Gonganisha mawili: lililoiva hulia kama kengele, bichi hutoa mlio wa kufifia. Lenye vipande vyeupe vya chokaa liache, maana chokaa ikishachomwa hunywa unyevu, huvimba na kulipasua. Yaliyoungua hadi kupinda yanafaa msingi tu. Bloku za saruji na mawe ya mtoni visikaribie moto kabisa. Jiwe lenye maji ndani hulipuka.

Matofali mekundu uliyoyachagua, ambayo ni mazito, yapange ndani, na magumu kuliko yote yakae kwenye chumba cha moto, kwa sababu majivu ya kuni hula udongo. Nje yake weka safu ya matofali mepesi ya kuzuia joto lisitoroke. Haya utayafyatua mwenyewe: ndoo moja ya udongo kwa ndoo moja ya pumba za mpunga. Kule mjini Magugu kuna mashine za kukoboa mpunga, kwa hiyo gharama kubwa huenda ikawa usafiri tu. Yakichomwa, pumba huungua na kuacha vitundu vya hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto. Ni dhaifu, usiyaweke ndani.

Fundi wa nyumba atakung'ang'ania saruji. Mkatalie kwa upole. Moto huivunja nguvu. Tumia udongo wa kichuguu uliochekechwa, uliochanganywa na unga wa matofali yaliyovunjika, kiungo kisizidi unene wa kidole kidogo. Kila baada ya kozi nne au tano, laza tofali moja moja likivuka safu zote mbili ili kuta zishikane.

Tanuri lenye nafasi ya mita moja kila upande litakula matofali kama 500 kwa kuta peke yake. Ongeza sakafu, chumba cha moto, dohani na ya kuvunjika, ufikie 800. Yale ya kununua zidisha kwa bei ya tanurini, kisha jumlisha kirikuu na fundi. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, inafaa kuulizwa ushauri kabla hujalipa.

Mlango usiujenge kwa udongo. Panga matofali makavu, ukandike nje kila unapochoma. Acha tanuri likauke wiki mbili, kisha washa moto mdogo wa kutwa nzima bila chungu ndani. Nyufa ndogo zitatokea. Zizibe kwa udongo uleule.