Kabla Hujashika Jik: Madoa ya Mimea kwenye Nguo Laini

Utomvu wa ndizi ukidondokea nguo huonekana kama tone la maji, ndiyo maana wengi huupuuza. Baadaye hewa huubadilisha, doa likawa la kahawia, kisha likakaribia weusi. Hapa Kibaoni, ambako mtu hutoka kanisani au harusini akapitia sokoni kununua ndizi, nguo nyingi nzuri huharibika hivyo. Nyingi zaidi huharibiwa na dawa iliyokimbiliwa baadaye.

Tunazungumzia hariri, shifoni, lesi, satini na sufu. Kitenge cha pamba huvumilia kusuguliwa, hizi hazivumilii.

Maji baridi kwanza

Geuza nguo, maji baridi yapite kutoka upande wa ndani, ili utomvu usukumwe nje badala ya kuzama kwenye nyuzi. Kandamiza kwa kitambaa cheupe, usisugue. Sabuni ya mche iweke kando: madoa ya ndizi, chai na matunda mengi yana tanini, na sabuni hiyo huweza kuigandisha. Tumia sabuni ya maji isiyo kali, au shampuu kidogo. Doa likibaki, changanya kijiko kimoja cha siki nyeupe na vijiko viwili vya maji, ujaribu kwanza kwenye upindo wa ndani. Rangi ikichuja, acha.

Jik usiiguse kabisa kwa hariri na sufu. Nyuzi zake ni protini, na klorini huzila: kitambaa hugeuka njano, hulegea, kisha huchanika.

Doa lisiloonekana

Katika bonde letu la miwa, hili lisemwe kwa mkazo. Juisi ya muwa ikikauka haionekani. Pasi ya moto ikiipata sukari iliyobaki, sukari inaungua, na doa la kahawia linatokea mahali palipokuwa safi. Nguo iliyomwagikiwa juisi isuuzwe siku hiyohiyo, hata kama haina alama.

Majani, manjano na hina

Kijani cha majani ya mpunga au nyasi huyeyuka kwenye spiriti inayouzwa duka la dawa. Lowesha pamba, gusagusa, kisha suuza. Fanya hivyo mbali na jiko, kwa kuwa spiriti hushika moto upesi. Kama huna uhakika nguo imetengenezwa kwa nyuzi gani, jaribu kwenye upindo kabla.

Manjano ya pilau huwatisha watu kwa sababu yakikutana na sabuni hugeuka mekundu. Usiongeze sabuni kwa hofu. Suuza vizuri, kisha anika juani, maana jua huififisha rangi yake. Hariri ya rangi isikae juani muda mrefu, itapauka yenyewe.

Hina ni habari nyingine. Hushika hariri na sufu kwa sababu ileile inayoifanya ishike kiganja na nywele: zote ni protini. Ikishakauka, hatuna dawa ya nyumbani ya kukupendekezea. Mpelekee fundi dobi anayezijua nguo za hariri, umweleze ukweli wote: ni doa la nini, la lini, na umeshaweka nini. Akishauri nguo itiwe rangi nzito zaidi, mkubalie. Vazi lililobadilishwa rangi bado linavalika.