Kifungo cha Nje: Adhabu Inayotumikiwa Kijijini

Jirani aliyetiwa hatiani kwa wizi wa mkungu wa ndizi anapoonekana akifyeka nyasi katika uwanja wa zahanati, neno la kwanza kusikika mtaani ni kwamba kesi imenunuliwa. Mara nyingi dhana hiyo si ya kweli. Mtu huyo hajaachiwa, anatumikia adhabu.

Sheria ya Huduma kwa Jamii, Sura ya 291, iliyotungwa mwaka 2002, inaipa mahakama mamlaka ya kumwamuru mkosaji kufanya kazi za umma bila malipo badala ya kwenda gerezani. Utaratibu huu ulitangulia kukita mizizi Zimbabwe katika miaka ya 1990, na Kenya ikautungia sheria mwaka 1998.

Wanaohusika ni wenye makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, au kinazidi lakini mahakama imeona kwamba miaka 3 au pungufu inatosha. Shambulio la kawaida, ambalo adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka 1, limo katika fungu la kwanza. Wizi wa kawaida unaweza kufikia kifungo cha miaka 7, hivyo humo yote hutegemea uzito ambao hakimu ameupima. Mwizi wa ng'ombe au mbuzi asijipe matumaini: hilo ni kosa la namna nyingine, lenye adhabu kubwa zaidi.

Kabla ya kutoa amri, mahakama huelekeza afisa wa huduma kwa jamii achunguze mazingira ya mkosaji: anaishi wapi, anategemewa na nani, mwenendo wake ukoje. Hapa ndipo wakazi wanapohusika kuliko wanavyodhani. Katika eneo la mpakani kama Rusumo, ambako madereva wa malori, vibarua na wapangaji huja na kuondoka, na daraja la kuingia Rwanda liko hatua chache tu, ushuhuda wa mwenyekiti wa kitongoji na wa majirani kuhusu makazi ya mtu una uzito mkubwa. Anayemsifu ndugu yake kwa uongo humpotosha hakimu. Anayemchafua jirani kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba anaweza kumpeleka gerezani baba wa watoto ambao kesho watahitaji msaada wa kijiji hichohicho.

Kazi zenyewe ni za manufaa ya wote: kukarabati barabara, kupanda miti, kutunza vyanzo vya maji, kusafisha shule na zahanati. Muda wake hauzidi kifungo ambacho mahakama ingekitoa. Kulima shamba la kiongozi au kumchotea maji mtumishi nyumbani kwake si huduma kwa jamii, hata kama mkosaji hakulalamika. Na kwa kawaida hatalalamika, kwa kuwa anaogopa.

Mkosaji anayetoroka kazi hurudishwa mahakamani, ambako anaweza kuonywa, kubadilishiwa masharti, au kufutiwa amri na kupewa adhabu nyingine, kifungo cha gerezani kikiwemo. Kwa hiyo msimamizi wa kituo anayetia sahihi ya mahudhurio kwa mtu asiyefika anaidanganya mahakama. Mkazi anayeona hayo, au anayeona mkosaji akitumikishwa kwa faida binafsi, apeleke taarifa kwa mtendaji wa kata au katika mahakama iliyotoa amri.